Picha Safi, Mpira Unachelewa

Mliniomba niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi. Mliniomba siku ya kuniaga, mbele ya watu, huku mkinivisha leso na kunipigia vigelegele, kwa hiyo nafasi ya kukataa sikuipata. Basi someni. Anayetafuta habari za vyeo atachoka bure, maana duka letu la Changamwe lilikuwa na vyeo viwili tu, fundi na mwenye duka, na mwenye duka alikuwa na mtoto wa kumrithi. Habari za mshahara nazo nitaziruka, kama zilivyozoea kuniruka mimi.

Kazi yenyewe mwaijua, ingawa mama yangu mzazi alikwenda kaburini bila kuielewa. Watu wana mashine za gemu za zamani na kompyuta za zamani. Watu hao hao wamenunua televisheni mpya. Mashine na televisheni haziongei lugha moja, na mimi nikakaa katikati na vikonveta vyangu kama mshenga. Na mshenga mwajua hali yake. Ndoa ikipendeza, sifa ni za bwana na bibi harusi. Ikivunjika, kosa ni lake.

Siku ya kwanza nilifika dukani na viatu vya kanisani. Aliyenipokea alikuwa Fundi Athumani, mzee wa Kisauni, Mmombasa wa kuzaliwa, mtu ambaye angeweza kukutukana kwa upole mpaka ukamshukuru. Akaniangalia viatu, akaniangalia uso.

"Mwanangu Sidi," akasema, "waja kutengeza au waja kuposwa?"

"Kutengeza, mwalimu."

"Haya. Ndoo hapa kwangu, keti."

Nilidhani atanipa bisibisi. Akanipa mashine ya gemu iliyoletwa na mteja, na padi yake, yaani kile kitu cha kushika mkononi chenye vitufe. Akaniambia nicheze. Nikamuuliza nicheze mpaka lini. "Mpaka uone kinachomuudhi mwenyewe," akanijibu. "Bisibisi haina mato ya kuona, wallahi. Ukifungua kitu kabla ya kukitumia, utatengeza kilicho kizima na kuacha kibovu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na wengine wenu mliifanyia mzaha. Kila kitu kikija, kwanza kitumie kama anavyokitumia mwenyewe, ukiketi anavyoketi yeye, ukitazama anachotazama. Kwa ajili ya sheria hiyo, Changamwe nzima ilijua kwamba duka letu limeajiri msichana wa kucheza gemu. Wateja walikuwa wakiingia, wakinitazama, kisha wakiniuliza, "Fundi yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Baadaye nikaona ni heri niseme fundi ametoka kidogo. Wakawa wanamngoja fundi huku mimi nikiwatengezea mashine, nikimaliza nawapa, nao wananiomba nimfikishie fundi shukrani zao. Nilimfikishia zote.

Siku zile mashine nyingi zilikuja kwa meli. Baharia anashuka na gemu yake ya Japani, anaiuza pale nje ya geti la bandari, na mnunuzi anaikimbiza nyumbani. Mashine ile imezoea volti mia moja na ushei. Ukuta wa nyumba zetu una mia mbili na arobaini. Mtu anaichomeka kabla hata hajavua viatu, inalia "pwa!", nyumba inanuka, halafu kesho anakuja kwetu kuapa kwamba ilikuwa inafanya kazi vizuri. Ilikuwa, bwana. Ilikuwa inafanya kazi vizuri sana huko Yokohama.

Halafu zikafa zile televisheni zetu nene, zenye kisogo kama jiwe la kusagia. Zikaja nyembamba za ukutani. Kila mtu akafurahi mpaka alipotaka kuchomeka mashine yake ya zamani na kukuta tundu la njano la kuingizia picha halipo. Limebaki tundu moja bapa, HDMI, ambalo waya wa njano haumo katika ndoto zake. Hapo ndipo vikaingia vikonveta, visanduku vidogo vyeusi vya kupokea picha ya zamani na kuitoa ikiwa mpya. Na hapo ndipo nilipowajua binadamu.

Alikuja kijana mmoja aliyehamia Mkomani kutoka Nairobi, amebeba konveta kwenye mfuko wa karatasi, uso umemvimba kwa hasira.

"Madam, hii kitu ni bure kabisa. Nimeichomeka kila side, haishiki."

"Kila upande?"

"Kila upande, aki."

Nikakitazama. Kilikuwa kizima, ila kilikuwa kile cha kutoa picha mpya na kuifanya ya zamani, na yeye alitaka ya zamani iwe mpya. Viwili hivyo vina sura moja na rangi moja, na maandishi ni yale yale, yamepishana tu. Ni sawa na kupanda feri upande wa mjini, ushuke Likoni ng'ambo, halafu uulize mbona hujafika mjini. Nikamweleza hayo yote taratibu. Akasikiliza, akatikisa kichwa, akaniuliza, "Si basi uigeuze tu?" Nikakichukua, nikakigeuza juu chini mbele yake, nikamrudishia. Alikitazama kitambo kizuri kabla ya kucheka.

Mengine mwayajua, lakini nayaandika kwa sababu mwayasahau. Konveta inataka umeme wake yenyewe, haili upepo. Picha ikija nyeusi na nyeupe, usimuuzie mtu televisheni nyingine. Mashine inasema mtindo wa Marekani na konveta inasikiliza mtindo wa Ulaya, na mara nyingi kuna swichi ndogo ubavuni ambayo hakuna aliyewahi kuigusa. Kompyuta ya zamani yenye plagi ya bluu inatoa picha bila sauti, hata uiombee. Na iliombewa kweli, katika kanisa moja la Kisauni, kwaya imesimama, maneno ya nyimbo yanapita ukutani kimya kimya. Mchungaji aliweka mkono juu ya kompyuta kabla ya kunipigia simu. Sina neno, kila mtu huanza na fundi anayemwamini. Mimi niliongeza waya wa sauti.

Na msikubali picha kuvutwa. Hoteli moja ya Shanzu iliweka mashine ya zamani ukumbini ili wageni wakumbuke utoto wao. Picha za zamani si pana, kwa hiyo televisheni mpya inaacha weusi pembeni. Meneja hakuutaka weusi. Alisema wageni wamelipia televisheni nzima. Nikamwambia tukiivuta, kila mpira utakuwa yai. Akasema mgeni hatajua. Basi wageni wakacheza mpira wa mayai msimu mzima, na mmoja alinisimamisha kuniuliza kama ni mchezo wa kienyeji.

Lakini kazi ninayotaka muishike kuliko zote ni ile ya Miritini.

Mama Dama alikuja dukani asubuhi, mwanamke wa makamo, amejifunga leso juu ya gauni, amechoka usoni. Tukasalimiana, akaketi kwenye stuli, akaniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ndiye huyu. Hakushangaa, na kwa hilo tu nilimpenda.

Mumewe, Mzee Charo, alikuwa dereva wa kreni bandarini mpaka alipostaafu. Hakuufaidi ustaafu. Kiharusi kilimwangusha bafuni na kumpooza upande wa kulia. Maneno yalirudi, polepole na kwa kuvunjika, lakini mkono ulibaki kulala. Daktari wa mazoezi alimpa mpira laini wa kubinyabinya. Mzee akautupa dirishani, akasema yeye si mtoto wa chekechea. Kilichomwokoa ni mashine ya gemu iliyonunuliwa watoto walipokuwa wadogo. Ilikuwa na mchezo wa tenisi, vijitu viwili na wavu katikati. Kidole gumba cha kushoto kinamsogeza mtu wako, cha kulia kinapiga mpira. Ukibonyeza kwa wakati wake, unapiga. Ukichelewa, mpira umekwenda.

Kila siku baada ya chai, mume na mke wakawa wanacheza. Kidole kikaamka, kisha vingine vikafuata. Mzee akaanza kushika kikombe. Daktari mwenyewe akasema wasiache mchezo huo hata kidogo.

Halafu televisheni yao nene ikafa. Kijana wao Safari, afanyaye kazi Nairobi, akaleta mpya, kubwa kama mlango, na konveta juu yake, akaifunga mwenyewe. Na tangu siku hiyo Mzee Charo hakuupata mpira tena. Alijaribu siku chache. Kisha akauficha mkono chini ya kikoi na kusema, "Umekufa huu. Msinisumbue." Kikombe akakataa, kliniki akakataa. Daktari alimwonya Mama Dama waziwazi kwamba mkono ukiachwa ulale hivyo, vidole vitajikunja na kukauka, na safari hiyo havitafunguka.

"Na mashine ina tatizo gani?" nikauliza.

"Haina, mwanangu. Picha ni safi mno." Akateremsha sauti. "Nimekuja kukuuliza kama ipo gemu rahisi zaidi. Ya watoto wadogo. Lakini asijue kama ni ya watoto."

Mama huyu alishakubali kwamba mkono wa mumewe unakufa, alikuwa anatafuta tu namna ya kuuzika bila mwenyewe kuona. Nikafunga mkoba wangu, nikawaachia nyinyi duka, nikaondoka naye.

Nyumba yao ilikuwa kati ya zile mpya, njia ya kwenda stesheni. Safari alikuwa likizoni, ndiye aliyetufungulia.

"Karibu, fundi, lakini TV haina noma," akasema. "Nimeset kila kitu mwenyewe. Hiyo picha ni kali, mpaka jasho la mchezaji unaliona."

"Hata la hawa vijitu wa tenisi?"

"La, kwa mechi za mpira wa miguu."

"Ahaa. Maana hawa hawana hata pua."

Mzee Charo alikuwa kitini, ametazama dirisha. Nikampa shikamoo. "Mara... haba," akaitikia bila kugeuka. Nikamwomba acheze kidogo nimwone. Akakataa kwa kichwa. Mkewe akamwinamia: "Baba Safari, mgeni ametoka Changamwe kwa ajili yako." Kwa adabu, wala si kwa hamu, akautoa mkono chini ya kikoi na kuuweka juu ya padi.

Wakaanza. Mpira ukaja, mzee akabonyeza, kijitu chake kikapiga hewa. Ukaja mwingine, hewa tena. Mama Dama naye akakosa wake, akasema, "Aa, hata mimi nimekosa, mume wangu." Safari akaniinamia sikioni: "Mama huwa anamwachia. Sisi sote tunajua."

Hapo ndipo niliposhtuka. Wawili wanacheza, wawili wanakosa. Mmoja anakosa na watu wanasema ni ugonjwa. Mwingine anakosa na watu wanasema ni mapenzi. Hakuna aliyebaki wa kuuliza mbona mpira haupigwi na yeyote.

"Mama," nikasema, "hebu mfunge."

"Nimfunge nani?"

"Mumeo. Cheza kweli kweli, mpige mabao."

"Fundi! Mgonjwa?"

"Mgonjwa ana masikio," nikamwambia, na nilijua nimevuka mpaka.

Mzee Charo alitugeukia kwa mara ya kwanza. "Ananiachia," akasema. Maneno yalimtoka moja moja. "Tangu... hospitali."

Mama Dama akatazama leso yake. "Ulijua?"

"Nisijue vipi? Miaka yote... ulikuwa wanifunga. Kila siku. Sasa mimi mgonjwa... ndiyo nimekuwa bingwa?"

Safari akakohoa. Mama Dama alijifuta macho kwa upindo wa leso, akavuta kiti mbele, akashika padi kama mtu aliyechokozwa. Mpira wa kwanza ukampita. Akakunja uso. Wa pili ukampita.

"Lakini nimebonyeza!"

Wa tatu ukampita.

"Wee Safari! Hiki kidude chako kinaniibia! Nimebonyeza, Mungu wangu aniona, nimebonyeza!"

"Leta nijaribu," akasema Safari, akaichukua padi kwa tabasamu la mtu wa Nairobi. Akakosa. Akakosa tena. Akasema padi ni mbovu, bila shaka, maana yeye hawezi kuwa mbovu. Nikamnyang'anya, nikaketi palepale alipoketi mama yake, nikacheza kama Fundi Athumani alivyonifundisha, kwa kutazama kidole na kitu kwa pamoja. Nilibonyeza. Kijitu kikangoja, kisha kikapiga. Muda wenyewe ulikuwa mdogo, kama ule wa kati ya hodi na karibu. Lakini mpira hauna adabu ya kungoja mlangoni.

Sikilizeni sababu yake, maana bado mtakutana nayo. Televisheni mpya haionyeshi picha kama ilivyoipokea. Kwanza inaiosha, inailainisha, inaipiga pasi, ndipo inaitoa. Konveta ya bei rahisi nayo inaishikilia picha kidogo kabla ya kuipitisha. Ukitazama filamu huoni kitu, kwa kuwa hakuna unachobonyeza. Ukicheza, unachokiona kimeshapita. Zile nene za kisogo hazikuwa na mapambo hayo, ukibonyeza inatokea hapo hapo.

Nilikasirika, na sioni haya kusema. Nilimkasirikia mtengenezaji, na duka lililoiuza, na kile kioo kizuri pale ukutani. Mwanamume mzima alikuwa ameuzika mkono wake mwenyewe ili vijitu viwili visivyo na pua viweze kung'arishwa.

Nikapiga goti mbele yake. "Mzee, si mkono wako. Mkono wako uko sawa na wa mama na wa Safari. Wote mwachelewa. Ni TV."

Alinitazama muda mrefu, kisha akaitazama televisheni, kisha mwanawe.

"TV... imepooza?"

"Imepooza, mzee. Tena pande zote mbili."

Safari hakucheka. Alikuwa ameshika shavu, ameduwaa, na nikamwonea huruma kidogo, kwa sababu alikuwa ameleta ile televisheni kwa mapenzi na kuibeba mwenyewe kwenye gari moshi. Nikaingia kwenye mipangilio. Hali ya kuchezea gemu ilikuwa imefichwa chini kabisa, nyuma ya kurasa za rangi na sauti. Nikaiwasha, nikazima kila ulainishaji niliouona, nikang'oa kile kikonveta na kuweka changu cha mkobani, ambacho hakishikilii picha. Kuchelewa hakukuisha kabisa, msije mkamdanganya mteja. Kulipungua mpaka kidole hakikutambua. Picha nayo ikawa na kingo za msumeno, rangi zikafifia.

"Sasa umeharibu picha," akasema Safari.

"Ndiyo," nikamwambia. "Asante kwa kuliona."

Mama Dama alitaka kumsaidia mzee kuweka kidole juu ya kitufe. Mzee akamsukuma mkono, akakiweka mwenyewe, na ilichukua muda. Mpira wa kwanza akaukosa. Wa pili akaukosa, maana mkono uliolala wiki kadhaa hauamki kwa kuambiwa na fundi wa televisheni. Niliogopa kwamba nimempa matumaini halafu nikamnyang'anya. Akahema. Wa tatu ukaja, akabonyeza, na ukalia, tok, ukavuka wavu.

Mama Dama hakufikiri. Mkono wake ulikumbuka miaka yote ile, akaurudisha kwa nguvu kwenye kona, mbali kabisa na kijitu cha mumewe. Kisha akajiziba mdomo.

"Nisamehe, Baba Safari!"

Mzee Charo alikuwa anacheka. Alicheka bila sauti, mabega yakitikisika, upande mmoja wa uso ukipanda na mwingine ukijitahidi kuufuata. Akabonyeza kuanzisha mpira. Mama Dama akautandika. Akaanzisha mwingine, mama akautandika nao, sasa bila kuomba msamaha, ametoa ulimi kama msichana. Alimfunga mchezo wote, hakumwachia hata pointi moja ya kumpoza.

"Mama, basi, mhurumie," Safari akasema, akasimama kati yao na kioo.

"Wewe," akasema baba yake, "toka mbele ya TV."

Machozi yalikuwa yanamtiririka mzee. Akayafuta kwa kiganja cha mkono wa kulia, shavu moja kisha jingine, wala hakugundua ni mkono gani aliotumia. Mkewe aligundua. Mzee akarudisha kidole juu ya kitufe.

"Tena," akasema.